Dola mbili, mgeni mmoja: uchunguze Intourist, Yugoslavia au Tanzania ya Ujamaa?

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Dola ni serikali pamoja na polisi wake na mihuri yake. Dola pia ni ile noti ya Marekani. Katika historia ya kazi ya utalii wa kimataifa kwenye nchi za kijamaa, dola hizi mbili zililala chumba kimoja. Ya kwanza ilijenga hoteli, ikamwajiri mhudumu na kumsomesha lugha za kigeni, kisha ikamwagiza amchekee mtu ambaye vitabu vya siasa vilimwita bepari, kwa sababu alikuja na ile ya pili.

Nawaandikia wanafunzi wa uzamili, wa historia au wa utalii, waliokwisha kumwambia msimamizi kwamba watafanya "utalii na ujamaa" wakarudishiwa swali la neno moja: wapi? Wengi ninaokutana nao wamekwama kati ya tatu: shirika la Intourist la Urusi ya Kisovieti, pwani ya Adriatiki ya Yugoslavia, na Shirika la Utalii Tanzania, ambalo watu walizoea kuliita TTC. Zipo nyingine. Bulgaria ilikuwa na Balkantourist tangu 1948, na Cuba iliurudia utalii wa Magharibi kwa nguvu mwishoni mwa miaka ya 1980. Hizo nimeziweka kando ili hizi tatu zipate nafasi ya kutosha.

Vigezo kwanza

Nimezipima zote kwa mambo manne. La kwanza ni kazi yenyewe: nani alimpokea mgeni, na siku yake ilikwendaje. La pili ni fedha za kigeni: zilipita mikononi mwa nani kabla ya kufika benki kuu. La tatu ni jicho la serikali: nani alimwangalia mgeni, na nani alimwangalia mfanyakazi. La nne ni nyaraka na lugha, jambo ambalo wanafunzi hulikumbuka wakati nauli imeshalipwa. Kigezo cha "nani alifanikiwa zaidi" sikukiweka kabisa. Hicho waachie wizara.

Intourist

Kazi yenyewe. Intourist ilianzishwa Aprili 1929, kampuni ya hisa kwa jina, mali ya serikali kwa kila kitu kingine. Miaka ya 1930 ilikuwa imeshika hoteli kubwa za enzi ya Tsar kama Metropol na National za Moscow na Astoria ya Leningrad. Vita vikasimamisha shughuli. Baada ya Stalin kufa mwaka 1953 mlango ukafunguliwa zaidi, na Tamasha la Vijana na Wanafunzi la 1957 peke yake liliingiza Moscow wageni wapatao 34,000 kutoka nchi 131. Mwaka uliofuata utalii wa vijana ukapewa ofisi yake, Sputnik. Hoteli zikakua: Rossiya, iliyofunguliwa 1967 karibu na Kremlin, ilikuwa na vyumba zaidi ya 3,000.

Mfanyakazi wa kumfuatilia hapa ni kiongozi-mkalimani. Wengi walikuwa wanawake waliotoka vyuo vya lugha. Alilipokea kundi kiwanja cha ndege na kulirudisha kiwanja cha ndege, na katikati alijibu maswali ambayo hayakuwemo kwenye ratiba: foleni ile ni ya nini, kwa nini chama ni kimoja, wewe unalipwa kiasi gani. Kundi likishaondoka, kazi haijaisha. Anakaa kuandika ripoti: walikuwa watu wa namna gani, waliuliza nini, walilalamikia nini. Mwanamke huyo aliongea kwa sauti mbili, moja kwa mgeni na moja kwa bosi, na ya tatu, ile ya kwake, ndiyo itakayokusumbua kuitafuta.

Kisha kuna mama wa ghorofa, waliyemwita dezhurnaya. Lifti ikifunguka, unamkuta mezani, amekaa akiielekea. Ukitoka unamwachia ufunguo, ukirudi anakupa. Ukitaka chai, ni yeye. Ukirudi saa nane za usiku na mtu usiyetoka naye, ni yeye pia. Watalii wengi waliorudi makwao walimsimulia yeye kuliko walivyosimulia makumbusho, na ukitaka kuona utumishi na ulinzi vikikaa kwenye kiti kimoja, hakuna mfano bora kuliko huo.

Fedha za kigeni. Mgeni alilipia karibu kila kitu kabla hajafika: chumba, kiongozi, ratiba, na chakula kwa kuponi. Fedha ikaingia kwa serikali moja kwa moja, na mfanyakazi hakuigusa. Zilizobaki mfukoni mwa mtalii zilisubiriwa na maduka ya Beryozka, yaliyouza kwa fedha za kigeni vitu ambavyo raia wa kawaida hakuruhusiwa kuvinunua hapo. Nje ya mlango walisimama vijana walanguzi, wakinunua kutoka kwa watalii jinzi na sahani za muziki. Bakshishi rasmi ilionwa kama mabaki ya ubepari; zawadi ndogo ilikuwa jambo jingine.

Jicho la serikali. Hapa hakuna kubahatisha. Nenda Tallinn, Estonia, kwenye Hoteli Viru iliyofunguliwa 1972. Iliinuliwa na wajenzi wa Finland ili kupokea hasa wageni wa Finland waliokuwa wakivuka bahari kwa feri. Vitufe vya lifti viliishia ghorofa ya 22. Juu yake ilikuwepo ya 23, yenye mitambo ya KGB, idara ya ujasusi ya Kisovieti, na mlangoni kibao cha Kirusi kilichosema kwamba hapa hakuna kitu. Leo ghorofa hiyo ni makumbusho, na watu wanalipa kwenda kuona hicho kisichokuwepo.

Nyaraka na lugha. Hii ndiyo nguvu kubwa ya Intourist: makaratasi. Hifadhi ya taifa ya Moscow, GARF, ina mkusanyiko mzima wa shirika hili, fondi namba 9612, zikiwemo ripoti za viongozi. Lakini bila Kirusi hufiki popote, tena Kirusi cha kiofisi. Kwetu kuna njia ambayo wenzetu wengi hawana: tangu Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba kifunguliwe mwaka 1960, Waafrika Mashariki wengi wamesoma kule, na baadhi yao wapo na wanakumbuka. Wapo pia waliofika Moscow kwa Olimpiki ya 1980. Kenya ilisusia, Tanzania ikaenda, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Hao nao walikuwa wageni wa mfumo huohuo wa hoteli, kuponi na wakalimani.

Inamfaa nani. Anayependa nyaraka kuliko mahojiano, mwenye Kirusi au mwenye miaka miwili ya kujifunza, na anayevutiwa na namna serikali inavyofikiri inapomtazama mgeni.

Yugoslavia

Kazi yenyewe. Tito, kiongozi wa Yugoslavia, aligombana na Stalin mwaka 1948, na kutoka 1950 viwanda, kisha hoteli, vikaanza kuendeshwa kwa mfumo wa mabaraza ya wafanyakazi. Kwa hiyo weita wa Dubrovnik, kwa sheria, alikuwa na kura katika uendeshaji wa hoteli aliyobebea sahani. Kwa sheria. Jiulize kura hiyo ilimfikia nani: mwajiriwa wa kudumu peke yake, au hata yule wa msimu aliyekuja kutoka Bosnia au Makedonia Juni na kurudi kwao Septemba? Tasnifu nzima inaweza kuishi ndani ya swali hilo.

Tofauti na Moscow, hapa hapakuwa na shirika moja. Kampuni za utalii zilikuwa nyingi, kila jamhuri na zake, na zilishindana. Na nje ya kampuni zote alikuwepo mama mwenye nyumba. Barabara kuu ya Adriatiki ilikamilika 1965, ikashuka pwani yote, na kandokando yake vikachipuka vibao vya mbao vilivyoandikwa kwa Kijerumani kwamba kuna chumba. Familia ikihamia jikoni au ghalani kwa miezi mitatu, mgeni analala kitandani kwa baba na mama. Ni kazi, lakini haimo kwenye orodha ya waajiriwa popote.

Fedha za kigeni. Hapa noti ilifika mkononi kwa mwananchi. Mgeni alilipa chumba, alinunua samaki, aliacha bakshishi kwa mark, fedha ya Ujerumani, na raia aliruhusiwa kuwa na akaunti ya fedha za kigeni benki. Sheria ya 1967 ikaruhusu hata mtaji wa nje kuingia ubia, kwa sharti kwamba wenyeji washike sehemu kubwa.

Mfano unaopendwa na wanafunzi ni Haludovo, hoteli ya kifahari katika kisiwa cha Krk, ambako Bob Guccione, mwenye jarida la Penthouse, alifungua kasino mwaka 1972. Raia wa Yugoslavia hawakuruhusiwa kucheza, wageni tu. Mwaka uliofuata kasino ikafilisika. Miaka ya 1990 hoteli hiyo ilipokea wakimbizi wa vita, na sasa ni gofu lenye picha nyingi mtandaoni. Nakuonya: Haludovo ni tamu mno. Itakumeza kurasa arobaini na kukuachia machache ya kusema juu ya kazi. Shuka zilizoanikwa uani kwa yule mama mwenye nyumba zina historia ndefu zaidi.

Jicho la serikali. Lilikuwepo, lakini lilifumba upande mmoja. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 wageni wengi wa Magharibi waliingia bila viza. Kambi ya watalii wa uchi ilikuwa imefunguliwa Koversada tangu 1961, jambo ambalo mama wa ghorofa wa Moscow angelikatalia ufunguo. Wananchi wenyewe walivuka kwenda Trieste, Italia, kununua jinzi.

Nyaraka na lugha. Nchi ilivunjika 1991, na nyaraka zikabaki kila moja ilipokuwa: Belgrade kwa mambo ya shirikisho, Zagreb na miji ya pwani kwa mengine. Tenga fedha za mabasi. Lugha ya huko huandikwa sana kwa herufi za Kilatini, kwa hiyo kusoma kunaanza mapema kuliko Kirusi, na Kijerumani kitakusaidia kwa upande wa wageni. Wafanyakazi wa miaka ya 1970 wengi wangali hai.

Inamfaa nani. Anayevutiwa na uchumi wa nyumbani, wanawake, kazi za msimu, au swali la ujamaa uliokubali soko. Hakumfai anayetaka hadithi yenye shirika moja na mkurugenzi mmoja.

Tanzania na TTC

Kazi yenyewe. Nyerere aliwahi kusema, nchi ikiwa inaelekea uhuru, kwamba yeye binafsi hana hamu ya kutumia likizo akitazama mamba, ila anajua wapo watakaolipa kufanya hivyo. Azimio la Arusha likatoka Februari 1967. TTC ikaundwa 1969, na mikononi mwake zikawekwa hoteli za mjini na pwani pamoja na loji za kaskazini: Seronera, Lobo iliyojengwa kati ya majabali, Manyara, na ile inayochungulia bonde la Ngorongoro.

Sasa kumbuka methali aliyoitumia Nyerere huyohuyo kuuelezea Ujamaa mwaka 1962: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtalii ni mgeni asiyepewa jembe hata siku ya kumi. Watu waliliona tatizo hilo mapema. Mwaka 1970 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala, tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliihoji sera ya utalii, na mjadala mkali ukafumuka katika gazeti la The Standard, lililokuwa limetaifishwa Februari mwaka huohuo. Upande mmoja: nchi inahitaji fedha za kigeni, na utalii utaleta ajira. Upande wa pili: tumetoka juzi tu katika kuitwa boi, sasa tunajenga kwa fedha ya umma mahali pa kuitwa hivyo tena? Barua hizo zilikusanywa na Issa Shivji na kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1973. Katika zile nchi nyingine mbili sijaona ugomvi wa namna hii ukipiganwa gazetini, wazi, na maofisa wakilazimika kujibu. Kwangu hilo peke yake linatosha kuiweka Tanzania kwenye orodha.

Mwongozo wa TANU wa 1971 ukaongeza kuni. Kifungu cha 15 kilimkataza kiongozi kuwa na majivuno na ubabe kwa walio chini yake, na wafanyakazi wa viwandani walikichukua wakakitumia kwenye migomo iliyofuata. Hotelini swali lilikuwa gumu zaidi, kwani wa kunyenyekewa hakuwa meneja peke yake. Mzee mmoja aliyehudumu meza katika hoteli ya umma huko kaskazini alinionyesha, kwa sahani za sebuleni kwake, namna ya kubeba tatu kwa mkono wa kushoto: ya kwanza juu ya vidole viwili, ya pili chini yake, ya tatu kwenye kifundo. Jikoni, akasema, waliitana ndugu. Ukisukuma mlango wa ukumbini, udugu unabaki nyuma. Aliongea bila uchungu, mikono ikiwa bado imeshika sahani.

Fedha za kigeni. Lengo lilikuwa kuzikusanya zote, mtindo wa Intourist. Uwezo haukuwa wa Intourist. Kabla ya 1977 mtalii wa Serengeti mara nyingi alianzia Nairobi, na sehemu nene ya fedha yake iliishia Nairobi. Kiwanja cha Kilimanjaro, kilichofunguliwa 1971, kilikusudiwa kuugeuza mkondo huo. Tarehe 4 Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka na Kenya, na magari ya kampuni za Kenya yaliyokutwa upande huu yakashikwa. Mpaka ulifunguliwa tena 1983. Lango la Bologonja, kati ya Serengeti na Maasai Mara, halijawarudia watalii wa kawaida mpaka leo. Ukiutafuta mwaka mmoja wa kuzungushia tasnifu, chukua huo. Utakuta loji yenye vitanda vilivyotandikwa, wafanyakazi kwenye orodha ya mishahara, na barabara iliyonyamaza.

Baadaye zikaja fomu za mpakani za kutangaza fedha ulizoingia nazo, na hoteli zikamtaka mgeni alipe kwa fedha za kigeni. Sabuni, bia, balbu na vipuri vikaadimika. Mhudumu wa kipindi hicho alikuwa fundi wa kuomba radhi.

Jicho la serikali. Hapakuwa na ghorofa ya 23. Jicho lilielekea zaidi ndani, kwa Mtanzania: ni nani anauza dola kwa mlango wa nyuma, hasa wakati wa msako wa wahujumu uchumi wa 1983. Masharti ya uongozi ya Azimio nayo yalimkataza kiongozi kumiliki nyumba ya kupangisha. Weka hilo kando ya yule mama wa Adriatiki na kibao chake, uone ujamaa mmoja ukikataza kile ambacho mwingine ulikiishi.

Nyaraka na lugha. Nyumbani. Kuna Hifadhi ya Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, kuna mkusanyiko wa East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu, kuna magazeti ya Uhuru, The Standard, na Daily News iliyoanza 1972. Lakini mashirika ya umma yalibinafsishwa, TTC yenyewe ikaondoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Hoteli ya Kilimanjaro ya 1965 sasa inaendeshwa na kampuni ya kimataifa. Usitegemee kukuta fondi moja iliyopangwa kama ya Moscow. Kumbuka pia kwamba utalii haukuwa jambo la Muungano; Zanzibar ina hadithi yake na nyaraka zake.

Inamfaa nani. Mwenye masikio. Anayeweza kukaa na mzee saa tatu, kwa Kiswahili, bila kumkatiza.

Uende wapi, basi?

Kama muda wako ni mwaka mmoja na fedha ni za mkopo wa chuo, fanya Tanzania, na uuchukue 1970 au 1977, si vyote viwili. Kama una ufadhili wa shahada ya uzamivu na Kirusi unakisoma, Intourist itakupa nyaraka ambazo wengine wawili hawawezi kukupa. Jihadhari tu na ripoti za viongozi, kwa kuwa ziliandikwa ili bosi aridhike. Kama umezaliwa Ulaya, Kijerumani ni chako tayari, na likizo zako ni za kiangazi, Yugoslavia itakugharimu kidogo kuliko unavyodhani.

Kama swali lako ni la ulinzi wa siri, usilazimishe Tanzania ikupe Tallinn. Kama ni la heshima ya mfanyakazi, usiende Moscow kabla hujausoma mjadala wa 1970. Na anayetaka kulinganisha nchi mbili ndani ya tasnifu moja, jozi ninayoipendelea ni Tanzania na Yugoslavia, kupitia swali moja dogo la bakshishi: ilipokelewa na nani, iligawanywaje, na nani aliona haya kuipokea. Tanzania na Intourist nayo ni jozi nzuri kwa anayetaka kulinganisha mashirika.

Mwanafunzi wa Kenya au Uganda atakayefanya TTC aombe kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, mapema, miezi kabla ya safari. Huku nyuma ayasome magazeti ya Nairobi ya Februari 1977. Halafu, kwa yeyote atakayekwenda kwa wazee: kinasa sauti kibaki mfukoni siku ya kwanza. Shikamoo, habari za nyumbani, chai. Uliza alibebaje sahani.